Ufa, Udhaifu na Kiraka: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Usalama wa Kompyuta

Istilahi haipimwi kwa utamu wa sauti yake bali kwa uaminifu wake kwa dhana inayoitaja. Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi tatu zinazokutwa katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo usalama wa kompyuta, nazo ni "mashine pepe", "udhaifu" na "kiraka". Mfano wetu ni kasoro iitwayo VENOM, iliyotangazwa Mei 2015 na Jason Geffner wa kampuni ya CrowdStrike.

Tuanze na "mashine pepe". Programu kama Xen, KVM na VirtualBox huiwezesha kompyuta moja kubeba kompyuta nyingi za kuigizwa, kila moja ikifanya kazi kana kwamba iko peke yake. Neno "pepe", lililoenezwa na "barua pepe", limekwisha kubeba maana ya kielektroniki. Kwa hiyo halitenganishi kompyuta inayoigizwa na ile inayoibeba. "Mashine mwigo" lingeeleza dhana hiyo kwa uwazi zaidi.

"Udhaifu" nao ni hali ya kitu kizima, ilhali VENOM ilikuwa na mahali pake mahususi. Katika sehemu ya QEMU inayoiga kiendeshi cha disketi, data ziliweza kufurika nje ya nafasi zilizotengewa. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu 2004. Mtu mwenye mamlaka ya juu ndani ya mashine mwigo moja angeweza kupenya hadi kompyuta mwenyeji, na kutoka hapo kuzifikia mashine jirani. Kifaransa, lugha wanayosomea wanafunzi wetu, huita kasoro kama hiyo "faille", neno litumikalo pia kwa ufa wa ardhi. Mkazi wa Goma aliyeziona nyufa zilizojitokeza mjini baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 hahitaji kufafanuliwa kwamba ufa una mahali, una kina na una upande wa pili.

Istilahi ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Nguo ikishatiwa kiraka, tundu limezibika papo hapo. Sivyo ilivyokuwa kwa VENOM. Hata baada ya programu kusahihishwa, mashine mwigo zilizokuwa zikifanya kazi ziliendelea kutumia msimbo wa zamani uliomo katika kumbukumbu, mpaka zizimwe na kuwashwa upya au zihamishiwe kwa mwenyeji aliyekwisha kurekebishwa. Aidha, katika Xen na QEMU, hata kuondoa kiendeshi cha disketi hakukutosha, kwani kasoro nyingine iliuacha msimbo uleule ukiwa hai. Fundi aliyefundishwa kwamba kazi yake ni "kutia kiraka" aweza kwenda zake akidhani amemaliza, na data za watu zikabaki wazi.

Yawezekana kupinga kwamba "kiraka" limekwisha kuenea. Hatudai lifutwe. Na libaki kuwa jina la faili la masahihisho, lakini tendo zima, tangu kusakinisha hadi kuwasha upya na kukagua, liitwe "kuziba ufa". Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hiyo inatupa ufa, kuziba na ukuta kwa pamoja, na kinachozitenga mashine mwigo ni ukuta hasa. Istilahi zinazozaana hivyo hufundishika kwa urahisi, na mwanafunzi azielewaye atajua pia ni lini kazi yake haijaisha.