Vuta N'kuvute na Kichochoro Kilichozibwa Same

Nimeisoma upya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi nikiwa nyumbani Same, na safari hii kilichonishika si mapenzi ya Yasmin na Denge. Ni vichochoro. Labda kwa sababu wiki ileile jirani alipandisha ukuta akaziba kinjia kilichopita nyuma ya nyumba zetu. Zamani mtoto alitumwa dukani akarudi kabla maji ya ugali hayajachemka. Sasa anazunguka hadi barabara kuu, yanakopita mabasi ya Arusha na Dar. Na bibi aliyekuwa akipita kila asubuhi kutusalimia hatumwoni tena. Hajagombana na mtu. Njia imekuwa ndefu tu.

Riwaya hii ya 1999 wengi tunaisoma kama hadithi ya kupinga ukoloni na ubaguzi, na ni kweli. Lakini hebu itazame ilivyojengwa. Yasmin anamkimbia mumewe Raza, jamaa zake wanamkataa, anapokelewa na Mwajuma kule Ng'ambo. Kutoka Mji Mkongwe hadi Ng'ambo ni mwendo wa miguu! Binti huyu wa Kihindi anahama mtaa tu, na maisha yake yote yanageuka. Huko watu wanakutana bila miadi: anayepita anapiga hodi, hodi inazaa urafiki, urafiki unazaa siasa. Ukiiondoa mitaa iliyoungana, riwaya haina pa kwenda.

Hata hivyo nina neno na Shafi. Kwake mitaa ipo tu, kama mvua. Tunaonja joto la Ng'ambo, lakini hatusukumwi sana kujiuliza nani alizikata njia zile, na nani anaweza kuzifunga.

Swali hilo nimelikuta kwenye maandishi ya aina nyingine kabisa. Mwaka 2020 watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walichapisha utafiti uliopima mitaa ya dunia nzima kwa ramani za OpenStreetMap na picha za setilaiti. Wanahesabu njia ngapi zinakutana kwenye makutano, na ngapi zinaishia ukutani. Wanaonyesha kwamba tangu 1975 mitaa mipya duniani imezidi kutengana, ingawa Marekani, iliyosifika kwa tabia hiyo, ilianza kujirudi kidogo miaka ya 1990. Na hoja yao nzito ni hii: barabara ikishachorwa haibadiliki kirahisi. Nyumba hubomolewa, njia hubaki.

Lakini nao hesabu yao inategemea barabara zilizochorwa. Upareni tunajua njia nyingine. Ukitoka Same kupanda Vudee au Mbaga, gari linafuata mizunguko, mguu unakata. Njia hizo, pamoja na mifereji ya ndiva, zilitunzwa kwa msaragambo, kila kaya ikitoa mtu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliposhuka milimani hadi bomani Same kupinga kodi ya mbiru, kilichowaleta pamoja kilikuwa pia kule kuunganika kwa vijiji vyao. Watu wasiopitiana hawaandamani pamoja.

Sasa pembezoni mwa mji shamba linakatwa viwanja, kila mtu anapiga ukuta kwenye mpaka wake, na suala la njia anaachiwa mwenzake. Hakuna mwovu hapo. Ndiyo maana inatisha, na ndiyo maana naitamani riwaya ambayo mgogoro wake unaanzia kwenye ukuta wa mtu mwema. Shafi ametuonyesha mtaa ulio wazi unawafanyia watu nini. Bado hatujaandikiwa vizuri mtaa unavyofungwa, kiwanja kimoja baada ya kingine, mpaka Yasmin hana pa kupiga hodi.

Jirani nimeshamfuata, nimemwomba atuachie hata mita moja ya kupita. Amesema atalifikiria. Bibi bado hajapita.