Kipimo cha Mjusi Anayekua

Mjusi mwenye ndevu aliyetoka kwenye yai juzi ana urefu wa sentimita 10 hivi, mkia ukiwemo, na uzito wa gramu chache tu. Kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu atakaribia nusu mita, na mizani itasoma gramu 400 au zaidi. Mwili huo wote hujengwa na mtu mmoja anayeamua kila siku ampe nini, kiasi gani na saa ngapi. Kwa mbali huonekana ni kazi ya kumtupia mdudu na kufunga kioo. Mimi nimeitazama kwa karibu nyumbani kwa dada mmoja mzaliwa wa Tanga, muuguzi anayeishi Birmingham, Uingereza, na sasa namheshimu kila mlishaji mzuri wa wanyama hawa. Mjusi alitakiwa na mwanawe. Mtoto alichoka upesi kama ilivyo ada ya watoto, mama akarithi kazi, na kazi ikapata mwenyewe.

Asili ya mnyama huyu ni nyika kavu za ndani ya Australia. Nchi hiyo hairuhusu wanyamapori wake kuuzwa nje wakafugwe majumbani, kwa hiyo karibu wote walioko Ulaya na Marekani wamezaliwa mikononi mwa wafugaji, kizazi baada ya kizazi. Hawajawahi kuiona nyika, lakini tumbo lao ni la nyika. Watafiti waliochunguza matumbo ya mijusi wa porini huko Australia waliyakuta yamejaa kumbikumbi. Aliyekulia Kakamega hahitaji kuelezwa zaidi: mvua ikinyesha wanatoka kwa maelfu, kila mwenye mdomo anakula mpaka achoke, kisha wanakwisha. Mjusi ameumbwa ale namna hiyo, ashindilie leo kwa sababu kesho haijulikani. Ndani ya nyumba kesho inajulikana vizuri sana, maana duka la nyenje liko mtaa wa pili. Hapo ndipo penye ugumu wote wa kulisha mnyama huyu.

Nilimwuliza yule dada swali ambalo kila mgeni huuliza: kwa siku anakula nyenje wangapi?

"Sihesabu, kaka," alinijibu. "Natazama saa."

Mjusi wa chini ya miezi mitatu hulishwa wadudu mara mbili au tatu kwa siku, na kila mlo ni dakika 10 hadi 15. Ndani ya muda huo ale atakavyo. Muda ukiisha, kilichobaki kinaondolewa. Wapo wanaomaliza nyenje wadogo 20 kwa siku, wapo wanaopita 50, na wote wanaweza kuwa wazima. Idadi hubadilika kwa ukubwa wa mdudu, kwa joto, na kwa siku zenyewe, kwani mjusi anayejivua ngozi huweza kula nusu ya kawaida yake bila kuwa na ugonjwa wowote. Ndiyo maana yule dada hutazama shingo ya mjusi kuliko anavyotazama kopo la nyenje. Mjusi mwenye njaa hugeuza kichwa ghafla, jicho moja likimganda mdudu, halafu ulimi mnene wenye kunata unatoka na mdudu hayupo tena. Akianza kushiba, kichwa kinageuka lakini miguu haiondoki. Nyenje wawili wakipita mbele yake bila kukimbizwa, kopo linafunikwa, hata kama dakika zimebaki.

Kuondoa mabaki si usafi tu. Nyenje aliyeachwa ndani usiku hugeuka mla mjusi: humtafuna ngozi akiwa amelala. Na pale wafugaji wa kuuza wanapowaweka watoto wengi pamoja, chakula kikichelewa wanang'atana vidole na ncha za mikia. Ukimwona mjusi dukani amepungukiwa kidole, usidhani kazaliwa hivyo. Huenda alichelewa kulishwa, au jirani yake ndiye aliyechelewa.

Ukubwa wa mdudu hupimwa kwa uso wa mlaji mwenyewe: asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Mdudu mkubwa mwenye gamba gumu huweza kuziba utumbo wa mjusi mdogo. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu kinakua pamoja na mnyama. Kila uso unapopanuka, nyenje naye anaruhusiwa kuongezeka, na huhitaji jedwali la mtu yeyote.

Nyenje wenyewe wana kasoro. Wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ilhali mwili wa mjusi unataka kalsiamu kama mara mbili ya fosforasi. Mjusi anayekua akikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa yake: taya linalegea, miguu inapinda, mgongo unajikunja, matege kama yale ya watoto wa binadamu, na mara nyingi yaliyopinda hayanyooki tena. Kinga yake ni kazi ya mikono, na ilikuwa raha kuitazama. Nyenje walikuwa wameshalishwa vizuri tangu jana yake, majani na karoti, ili wasiingie tumboni mwa mjusi wakiwa maganda matupu. Dada akawaweka jokofuni dakika chache wapunguze mbio. Kisha akawamimina kwenye mfuko wa plastiki wenye kijiko kidogo cha unga wa kalsiamu, akaufunga mdomo, akautikisa kidogo mara mbili tatu. Walitoka weupe, wamepakwa mpaka kwenye vipapasio. Akawaingiza wachache wachache, kwa sababu nyenje aliyekaa muda mrefu bila kuliwa hujipangusa na unga wote unabaki sakafuni. Mjusi anayekua hupewa unga huo karibu kila siku. Vitamini mara moja au mbili kwa wiki zinatosha, zikizidi zinadhuru.

Wapo wadudu wasiohitaji unga mwingi. Funza wa nzi chuma, wale wale wanaofugwa siku hizi Kenya na Tanzania kwa ajili ya kuku, wana kalsiamu ya kutosha kwa asili yao. Kwa upande mwingine, vimulimuli hawaruhusiwi hata mmoja: wana sumu ya moyo, na kimulimuli mmoja anaweza kumwua mjusi mzima. Anayemtoa mjusi wake bustanini jioni alijue hilo kabla ya mengine yote.

Chakula bila joto ni bure. Mjusi hana moto wa ndani, na tumbo lake hufanya kazi kwa joto analolipata nje. Jiwe la kuotea chini ya taa linatakiwa lifike nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa pili wa sanduku ubaki na ubaridi kiasi ili aweze kujitoa. Taa nyingine hutoa mionzi ya urujuanimno aina ya UVB, ambayo mwili unaitumia kutengeneza vitamini D3. Bila hiyo, kalsiamu yote niliyoieleza inapita tu. Kwa hiyo mlo wa kwanza husubiri mjusi aote vya kutosha, na wa mwisho hutolewa saa moja au mbili kabla ya taa kuzimwa. Anayelisha usiku kwa huruma, eti kwa kuwa alichelewa kazini, anamlaza mnyama na tumbo lililojaa chakula kisichosagika. Siku aliyochelewa, dada yule aliacha mlo upite. Mjusi mzima hafi kwa kukosa mlo mmoja.

Majani hutolewa tangu siku za mwanzo, ingawa mtoto huyakanyaga bila hata kuyaangalia. Yanakatwa madogo, yanawekwa asubuhi kabla ya wadudu, njaa ikiwa bado mpya. Majani ya haradali yanafaa, sukuma wiki kwa kubadilisha, boga lililokunwa kwa rangi yake. Spinachi iwe ya nadra, pamoja na ile ya majani mapana tunayoiita hivyo sokoni kwetu, kwa sababu hushika kalsiamu isimfikie mlaji. Parachichi asipewe kabisa.

Kulisha anayekua ni furaha. Anakula, unamwona anarefuka. Ustadi hujulikana pale anapoacha kukua. Kuanzia umri wa miezi minne hivi milo ya wadudu hushuka kuwa miwili, akifika nusu mwaka unabaki mmoja, na baada ya mwaka hadi mwaka na nusu wadudu huwa wa siku mbili tatu kwa wiki, majani yakishika nafasi kubwa ya sahani. Sehemu za chakula zinabadilishana kabisa: utotoni wadudu ni kama robo tatu, ukubwani ni robo. Mjusi hajui kwamba amekuwa mtu mzima. Anakuja kwenye kioo, anakuna, anamtazama mwenye kopo kwa jicho la mtoto yule yule wa miezi miwili. Walishaji wengi huvunjika moyo hapo, na mijusi wao huota mafuta kwenye ini.

Dada hakuvunjika. Ana mizani ndogo ya jikoni na daftari. Kila Jumapili mjusi hukalishwa kwenye bakuli, gramu zinaandikwa, kisha anakaguliwa kwa vidole: kitako cha mkia kiwe kimejaa bila mifupa kuonekana, vinundu vya mafuta juu ya kichwa visitumbukie wala visivimbe, tumbo lisiburuzwe chini. Kwa miezi ya mwanzo namba zilipanda kila wiki. Zilipoanza kusimama huku mwili ukiwa mzuri, alipunguza nyenje wiki hiyo hiyo, hakungoja mjusi akubali.

Nilipokuwa natoka, mjusi alikuwa amekwenda kwenye sahani ya haradali, akang'ata jani, akalitema, akarudi kulichukua.

"Mwanzo aligoma," dada aliniambia. "Nikamwacha na majani yake."

Kama nawe una mjusi aliyepita mwaka na nusu na bado anapewa wadudu kila siku, anza kupunguza wiki hii, taratibu, na umpime uzito leo ili uwe na namba ya kuanzia. Akiwa anapungua uzito bila wewe kumpunguzia chakula, hilo si suala la kipimo tena. Mpeleke kwa daktari wa wanyama.