Ngosha na mizani 16

Mwaka 2004 Fid Q, kijana wa Mwanza ambaye wengi humwita Ngosha, alitoa albamu yake ya kwanza, Vina Mwanzo, Kati na Mwisho. Wapo waliolipokea jina hilo kama majigambo ya kawaida ya hip hop. Mimi nalisoma kama kanuni ya kazi. Shairi la kimapokeo hudai vina viwili katika mshororo, kimoja kikifunga ukwapi, nusu ya kwanza, na kingine kikifunga utao, nusu ya pili. Hapa kimeongezwa cha tatu, mlangoni kabisa.

Kwa nini ajitwishe mzigo huo? Kwa sababu Kiswahili kinagawa vina bure. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na ukibandika -ni kwenye nomino tayari umepata kina. Mchanaji mvivu anaweza kumaliza vesi nzima kwa -ni peke yake, na wapo wanaokula kwa kazi hiyo. Baada ya mistari minne sikio halikisikii tena.

Tazama mishororo hii miwili ya soko la Mwaloni, Kirumba, niliyoitunga kwa ajili ya safu hii tu:

Mwaloni kumeshapoa, dagaa wako juani,
Sokoni wameshatoa, harufu iko puani.

Katika juani na puani, -ni haina thamani yoyote, ni ya wote. Kazi imefanywa na -ua- iliyotangulia, tena mkazo wa maneno yote mawili unaangukia -a- ile ile. Vivyo hivyo, -mesha- ni sarufi tupu. Kinachobeba kati ni -poa na -toa. Mwanzoni, Mwaloni na Sokoni vinashikwa na -o-. Mchanaji makini hutafuta kina kabla ya silabi ya mwisho, pale mkazo unapokaa.

Sasa tuweke kwenye biti. Mshororo una mizani 16, yaani silabi 16. Mstari wa hip hop una mapigo manne, na kila pigo hugawanyika mara nne, kwa hiyo shairi linaenea humo barabara. Balaa ni kwamba linaenea mno. Biti ikienda mapigo 90 kwa dakika, hizo ni silabi sita kila sekunde, na pa kuvuta pumzi hapapo. Lazima ukate mizani mbili tatu, uache kimya. Ukikata ovyo unapoteza kina cha kati, kwa hiyo kisu kipite katikati ya ukwapi au ya utao, kamwe si kwenye mishono yake.

Linabaki lile sikio linalochoka, na hapo kundi lina nafuu ambayo mtu mmoja hana. Geto Boys wa Houston walipokutana tena mwaka 1996 kwa albamu ya The Resurrection, Willie D akiwa amerudi kwa Scarface na Bushwick Bill, sauti tatu tofauti zilitosha kulizindua sikio kila vesi ilipobadilika. Anayechana peke yake hana wa kumpokea kijiti. Mabadiliko hayo inabidi ayafiche ndani ya mstari wenyewe.

Gharama ipo, tena kubwa. Vina vitatu hupinda sentensi, na msikilizaji wa kwenye daladala ya Buhongwa hatarudisha wimbo nyuma ili aelewe. Vijana wengi wanaojaribu mtindo huu hukwama kwa kuanzia na kina cha mwanzo. Andika utao kwanza, maana ndipo hoja inapotua, kisha rudi nyuma kuutafutia ukwapi. Neno la mlangoni liwe la mwisho kuchaguliwa.