Anayetangulia Mlimani

Asubuhi pale geti la Machame, macho ya wageni huvutwa na mizani. Wapagazi wamepanga foleni, kila mzigo unatundikwa na kusomwa, na unaozidi kilo 20 unafunguliwa upunguzwe. Mimi humtafuta mtu mwingine: mwongozaji mkuu. Mara nyingi utamkuta amesimama kando, ameshika daftari lake, akiwatazama wageni wanavyofunga kamba za viatu.

Hapo kazi imeshaanza. Anamwona mwenye viatu vipya ambavyo bado ni vigumu kisiginoni. Anamwona aliyelichimbia koti la mvua chini kabisa ya begi, ilhali kwenye msitu wa Kilimanjaro mvua hushuka bila kuaga, na atamwomba kwa upole alitoe aliweke juu. Zaidi ya yote anatafuta mwenye haraka. Kijana mwenye misuli, aliyezoea mbio za asubuhi mjini kwao, humtia wasiwasi kuliko mama wa miaka 60 anayeuliza choo kiko wapi.

Kisha anashika nafasi ya mbele, na msafara wote unafuata mguu wake. Utazame mguu huo kwa karibu. Unatua wote, kisigino na vidole. Uzito unahamia juu yake taratibu. Wa nyuma unapumzika kidogo kabla ya kunyanyuka. Hatua ni fupi, na penye jiwe refu anazunguka badala ya kulirukia. Anakwenda kama dereva wa lori anayeupanda mlima Kitonga: gia moja, mlio mmoja, mpaka juu. Kipimo chake ni mazungumzo. Aliye nyuma akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, mwendo umezidi.

Huo si mwendo wake wa asili. Huyu ni mtu anayeweza kukimbia njia hii akiwa na mzigo begani, na waongozaji wengi walianza hivyo hivyo, wakibeba mahema na mitungi ya gesi miaka kadhaa kabla ya kupata leseni. Kujizuia saa sita mfululizo, siku baada ya siku, bila kuonyesha kuchoshwa, kunahitaji nidhamu ambayo naiheshimu kuliko nguvu. Na sababu yake ni ya kimwili kabisa. Anayekwenda kasi hutoka jasho, nguo hulowa, na akisimama kupumzika penye upepo, baridi inaingia mwilini kabla hajala hata biskuti. Mapigo ya moyo yakipanda ovyo, usiku kichwa kinadai malipo.

Kwani adui mkubwa hapa haonekani. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata ufukweni Tanga. Mwili hujirekebisha, lakini kwa muda wake wenyewe. Ndiyo maana njia ya Machame ina siku inayowashangaza wageni: kutoka kambi ya Shira, karibu mita 3,800, unapandishwa hadi Lava Tower, kama mita 4,600, unakula chakula cha mchana ukiwa na kichwa kizito, halafu unateremshwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Umehangaika kutwa nzima na umelala juu kidogo tu ya ulipolala jana. Mwili umeonjeshwa urefu kisha ukapewa nafasi ya kupumua. Kwa hiyo sizipendi kabisa safari za siku tano zinazouzwa kwa bei ya chini. Zinamnyang'anya mwongozaji muda, na bila muda hata fundi bora hana cha kufanyia kazi.

Niliwahi kukaa na mmoja wa waongozaji hawa jioni pale Karanga, kambi ya mwisho yenye maji kabla ya kilele, ambako wapagazi hujaza madumu ya kupeleka kambi ya Barafu. Aliingia hema la kulia na kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kusoma oksijeni ya damu. Aliandika namba, lakini macho yake yalikuwa kwenye sahani. Nani amekula, nani amesogeza wali pembeni. Hakumuuliza mtu kama yuko sawa, maana aliyelipa pesa nyingi na kuvuka bahari atajibu ndiyo. Aliuliza amelala vipi, amekunywa maji kiasi gani, amekojoa mara ngapi. Kisha akamwuliza jirani yake wa hema. Mgeni mmoja alikuwa na sauti ya kukokota maneno; mwongozaji akamwomba watoke nje kidogo, akamwambia atembee kwa mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Aliyewahi kuona mtu mzima akiyumba kwenye mstari huo hatasahau. Ubongo unapoanza kuvimba, mizani ya mwili ni miongoni mwa vitu vinavyopotea mapema. Huyu alifika mwisho bila kuyumba, akaongezewa chai na kutazamwa tena saa moja baadaye.

Akiyumba, dawa ni moja: kushuka, hata kama ni usiku wa manane. Oksijeni ya mtungi na vidonge humsaidia mgonjwa wakati anateremshwa, havimruhusu kubaki. Hiyo ndiyo sababu msafara mzuri huwa na waongozaji wasaidizi, ili mmoja ashuke na mgonjwa bila kuwaacha wengine yatima. Asiyeweza kutembea hulazwa kwenye machela ya gurudumu moja, watu wameishika mbele na nyuma, ikishuka kwenye mawe kwa kasi ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuiamini.

Usiku wa kileleni huanza Barafu karibu saa sita. Mwongozaji anakagua vitu vidogo: betri za akiba ziwe mfuko wa ndani karibu na mwili, chupa ya maji igeuzwe kichwa chini kwa sababu maji huanza kuganda juu, glavu zisivuliwe kwa ajili ya picha. Mbele kuna zaidi ya mita 1,200 za kupanda gizani. Anaimba. Wanaomfuata huitikia, naye anasikiliza ni sauti ipi imenyamaza.

Lakini nilichokipenda zaidi nilikiona Karanga, alipomaliza na wageni. Alikichukua kile kifaa akaenda hema la wagumu, kama wapagazi wanavyojiita. Mlima huu umewahi kuua wapagazi, kwa baridi na kwa ugonjwa huu huu wa mwinuko, na mwongozaji anayepima wageni peke yao kwangu ni nusu mwongozaji. Kijana mmoja alikuwa amekaa mbali na sufuria, ugali wake haujaguswa. Alisema ni uchovu tu. Siku za kazi zikikatika, mshahara nao hukatika, na kila mmoja hemani alilijua hilo. Mwongozaji alimpima, akamtembeza kwenye mstari, akamwambia mbele ya wenzake kwamba atalipwa safari nzima. Mzigo wake ukagawanywa kwa watu watatu. Jua lilikuwa halijazama kijana huyo alipoanza kuteremka kuelekea Mweka, mwenzake akiwa nyuma yake na tochi mbili.