Mwandiko Wetu Unakwenda Wapi?



Kuna ugonjwa mdogo uliotuenea sisi tuliozaliwa kabla ya simu za mkononi, na hakuna anayekwenda kwa daktari kwa ajili yake. Tukipewa kalamu na karatasi nyeupe, mistari mitatu ya mwanzo huenda vizuri. Mstari wa nne herufi huanza kulala, wa saba kidole gumba kinauma, na tukifika nusu ya ukurasa hata sisi wenyewe tunayasoma maandishi yetu kwa kubahatisha. Fomu tunaijaza, sahihi tunatia, orodha ya sokoni tunaiandika. Lakini barua ya kurasa mbili, ya kumpa pole mjane au kumweleza mzazi jambo zito, inatushinda. Tunafungua kompyuta.

Wengi wetu tunalichukulia jambo hili kama mzaha wa uzee. Katika makala haya tunapenda kulipima kwa mizani ya maandishi yetu wenyewe, kwani Waswahili si watu waliojifunza kuandika jana.

Tuanze na kazi yetu. Sisi wahandisi tuliokuja kusoma Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 tuliikuta bado meza ya kuchorea, rula ya T, na kalamu za wino za Rotring zenye ncha za vipimo mbalimbali. Kabla ya kufundishwa kuchora daraja, tulifundishwa kuandika. Herufi za michoro zina kanuni zake: urefu wa milimita 2.5, 3.5, 5 au 7, na kila moja mahali pake. Ukikosea kwenye karatasi ya kupitisha mwanga, ulikwangua wino kwa wembe, taratibu, usije ukaitoboa. Programu ya AutoCAD ilikuwa imeshatoka tangu 1982, na haukupita muda mrefu meza zile zikaanza kuondolewa ofisini. Hatukulia. Michoro ya kompyuta ni sahihi zaidi na hurekebishwa bila wembe. Lakini zamani ukiiona karatasi uliweza kusema, bila kutazama jina pembeni, hii ni kazi ya fulani. Leo mchoro wa mwanafunzi na wa bingwa una herufi zile zile.

Kwa nini mkono unasahau? Jibu si la ajabu. Kuandika ni kazi ya misuli midogo ya vidole na kiganja, na kila herufi ina mwendo wake: "m" ina vilima, "g" ina mkia. Kwenye kibodi "m" na "g" ni pigo lile lile, mahali tu ndipo panapotofautiana. Mwendo usiorudiwa hufifia. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha Trondheim, Norway, walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa wanafunzi 36 kwa vihisio 256 vilivyowekwa kichwani. Waliona sehemu za ubongo zikiwasiliana kwa wingi zaidi mtu anapoandika kwa mkono kuliko anapobonyeza kibodi. Ila tuangalie jambo moja: wanafunzi hao waliandika kwa kalamu ya kielektroniki juu ya kioo. Siri basi haiko kwenye karatasi. Iko mkononi.

Wala tusiyatie chumvi. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Mueller na Oppenheimer, walisema kwamba wanaoandika mhadhara kwa mkono huelewa zaidi, kwa kuwa mkono ni mzito na hulazimika kuchagua, ilhali anayechapa hunakili kila neno. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Jaribio liliporudiwa na wengine mwaka 2021, wachapaji walionekana kweli kunakili zaidi, lakini tofauti katika kuelewa haikuonekana kama mwanzo. Anayetaka kuitetea kalamu asiegemee nguzo hiyo peke yake.

Nguzo iliyo imara zaidi tunayo nyumbani. Chukueni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake. Utendi huo husifiwa kwa mawaidha yake, au hulaumiwa kwa mawaidha hayo hayo, na mabishano huishia hapo. Sisi tunataka kuwavuta kwenye beti za mwanzo ambazo wasomaji wengi huzipita mbio. Mama ni mgonjwa, na ugonjwa umetimiza mwaka. Anamwita binti asogee, akae, na aje na wino na karatasi, kwani moyoni ana jambo la kumwambia.

Tazameni vyombo hivyo viwili vinafanya kazi gani. Mama angeweza kusema tu, na binti akasikiliza. Lakini anataka neno lipite katika mkono wa mtoto kabla ya kufika akilini mwake. Wakati binti anachovya kalamu, mama anapata pumzi. Wakati mama anatafuta kina, binti anangoja. Wosia wote unatembea kwa mwendo wa mkono unaoandika. Ukiusoma utendi kwa kuanzia hapo, yale mawaidha hayaonekani tena kama orodha ya amri. Yanakuwa maneno ya watu wawili waliokaa karibu, mmoja akijua muda wake ni mfupi. Tunadhani hii ndiyo sababu utendi umedumu, hata kwa wasiokubaliana na kila lililomo. Na Shaaban Robert, alipotaka naye kumwachia binti yake maneno, utenzi wake aliuita Hati. Jina halikuja hivi hivi.

Tukitoka kwenye tenzi tuje kwenye barua. Nani hakumbuki zile karatasi nyepesi za buluu zilizokunjwa zikawa bahasha zenyewe? Kwanza salamu, kisha "mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako", kisha "ama baada ya salamu", kisha "dhumuni la barua hii". Vijana wetu huzicheka fomula hizi, na wahakiki nao huona ni maneno makavu. Hatukubaliani nao. Fomula zilikuwa na kazi. Karatasi ilikuwa moja, nafasi haba, na habari nyingine chungu kuianza. Zilimpa mwandishi mistari mitano ya kuzoesha mkono na moyo kabla ya kusema kwamba mzee amefariki au ada ya shule haikufika. Ukifika mwisho nafasi ikaisha, uliandika pembeni, ukaigeuza karatasi, herufi zikabanana. Sehemu ile iliyobanana ndiyo mara nyingi ilikuwa na neno la kweli. Ujumbe wa kompyuta hauna pembeni.

Hata hivyo tuwe wa haki. Barua nyingi tulizopokea hazikuwa na mkono wa aliyezituma. Bibi alisema, mjukuu wa darasa la sita akaandika, na ya siri hayakuandikwa kwa kuwa mjukuu angeyajua. Leo bibi huyo hutuma ujumbe wa sauti kwa simu, tukamsikia akikohoa na jogoo akiwika nyuma yake, bila mtu wa kati. Hiyo si hasara. Anayesema teknolojia imetuondolea kila kitu hakuwahi kusoma barua ya bibi iliyochujwa na mtoto wa jirani.

Lakini tunayo sababu ya kuogopa, na sababu hiyo ni kwamba jambo hili limeshatupata mara moja. Karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ziko barua kutoka Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18 zilizohifadhiwa Goa. Mwaka 1892 Büttner alichapisha kule Ujerumani mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili ya hati hiyo, barua zikiwemo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga mbao na mnakili hodari, na miswada ya mkono wake imo katika maktaba ya SOAS hapa London. Kisha shule za wakoloni zikaleta herufi za Kirumi. Bibi zetu waliojua kuandika Kiswahili kwa herufi za chuoni wakahesabiwa kuwa hawajui kusoma, na wajukuu, yaani sisi, tukarithi masanduku ya karatasi tusizoweza kuzisoma. Wapo kati yetu wanaolazimika kumwomba mtaalamu wa Kizungu awasomee hati ya babu yao.

Sasa watoto wetu wanaanza kuzitazama barua zetu kama sisi tunavyozitazama za mabibi. Herufi ni zile zile za Kirumi, lakini mwandiko wa kuunganisha hawaufuati. Hii itakuwa mara ya pili katika vizazi vichache, na mara hii hakuna mkoloni wa kumlaumu. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomeka ni karatasi ya kufungia karanga.

Tufanye nini? Hatupendekezi kuzitupa kompyuta, ambazo ndizo zinazotulisha. Tunapendekeza mambo matatu madogo. Kwanza, barua ya tanzia iandikwe kwa mkono, hata ikiwa mistari minane, na mkono ukichoka mpokeaji auone uchovu huo. Pili, majina ya wazee, nani mtoto wa nani na alizikwa wapi, yaandikwe kwenye daftari, na anayeandika awe mtoto mwenyewe huku mzazi akimtajia, kwa utaratibu ule ule wa Mwana Kupona. Tatu, wenye masanduku ya barua za mabibi wayatoe mapema, wakati bado wapo wazee wachache wanaozisoma herufi zile, hapa, Maskati na Mombasa, ili kila barua iandikwe upya pembeni ya ile ya asili kwa herufi wanazozijua wajukuu.

La tatu ndilo la haraka. Mkono uliosahau unaweza kuzoeshwa tena kwa dakika kumi kwa siku. Mzee anayesoma barua hizo akishaondoka, hakuna zoezi litakalotusaidia. Mwenye sanduku na alifungue wiki hii.