Bagamoyo, Mji Mkongwe Jirani wa Dar es Salaam

Bagamoyo ni mji mdogo wa mwambao, takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Kusini yake kuna Kaole, penye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe. Msikiti mkongwe zaidi huhusishwa na karne ya 13. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa kituo cha mwisho cha misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora. Wapagazi walitua hapo pembe za ndovu, na watumwa wakavushwa hadi Unguja. Mwaka 1868 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa. Wajerumani waliufanya mji huo makao makuu ya koloni lao, kisha wakayahamishia Dar es Salaam mwaka 1891.

Mji ulibaki na nyumba zake za mawe, milango ya nakshi, Ngome Kongwe na makumbusho ya misheni. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, hufundisha ngoma, muziki, maigizo na uchongaji. Mgeni hupata pia soko la samaki, hoteli za ufukweni na barabara ya lami hadi jijini.