Kiswahili kimebaki jikoni katika mikahawa ya Wachina na Wajapani

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Mimi leo nahakiki menyu. Hiyo nayo ni matini: ina mwandishi, ina hadhira, ina msamiati ulioteuliwa na mwingine uliotupwa kando. Tofauti yake na riwaya ni kwamba msomaji wake huwa na njaa. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi nimezisoma menyu za mikahawa ya Wachina na Wajapani hapa Nairobi, kuanzia Hurlingham na Kilimani hadi Westlands, na mara mbili kule Mombasa. Kula nimekula pia, kwani nani huenda hotelini kusoma tu? Chakula chenyewe sina neno nacho. Neno langu ni juu ya karatasi.

Karatasi hiyo aghalabu huwa hivi: juu maandishi ya Kichina au ya Kijapani, chini yake Kiingereza, pembeni picha na bei kwa shilingi. Kiswahili hakimo. Labda utakikuta mlangoni katika neno "Karibu", basi. Lakini hebu chagua meza iliyo karibu na jikoni, kisha utege sikio. "Wapi ile ya meza nne?" "Kitunguu imeisha!" "Ongeza moto, bwana!" Mpishi Mchina aliyetua nchini juzi na msaidizi wake kutoka Kakamega hawana lugha nyingine ya kuelewana. Kiswahili chao huenda kikawa cha kuungaunga, ila kinapika. Hapo ndipo penye kioja: lugha inayokipika chakula hairuhusiwi kukitaja chakula hicho mezani.

Nilipomwuliza mhudumu mmoja kule Kilimani jiaozi ni nini, hakunirejesha kwenye Kiingereza cha menyu. "Mzee, hiyo ni kama sambusa, lakini haikaangwi, inapikwa na mvuke. Ndani kuna nyama ya kusaga na kabeji." Maneno hayo machache tu, nikajua naagiza nini. Nikamwuliza kuhusu chakula kingine kilichochorewa pilipili tatu nyekundu. "Hiyo wacha nikwambie ukweli. Si pilipili ya kawaida. Hiyo mdomo inakufa ganzi kwanza, halafu ndio moto inakuja."

Wenye kalamu nyekundu za upatanisho wa kisarufi wasahihishe watakavyo; mimi nilitamani kumtunuku dada yule shahada ya tafsiri. Wapishi wa Sichuan huzitenga ladha hizo mbili. Kuna "ma", ile ya kutia ganzi itokanayo na punje za huajiao, na kuna "la", ukali wa pilipili. Kiingereza cha menyu kilikuwa kimezifunika zote mbili kwa neno moja. Dada yule alizitenga upya bila kujua Kichina, maana Kiswahili kilikuwa na "ganzi" tangu hapo. Tena kina "ukakasi" wa ndizi mbichi, kina "ukali", kina "uchachu". Na pale Wajapani wanapotuambia kuhusu umami, ladha ambayo mwanakemia Ikeda Kikunae aliipa jina mwaka 1908, mpishi wa Lamu angewaambia kwamba kwao mchuzi "hukolea".

Kwa hivyo menyu ya Kiswahili ipo tayari. Wahudumu huitunga upya kila siku, kutoka meza hii hadi ile, na hakuna aliyeiandika.

Tuutazame wali, maana hapo ndipo hasara ya kupitia Kiingereza inapoonekana wazi kabisa. Mtoto wa darasa la nne anajua kwamba mpunga uko shambani, mchele uko gunia, na wali uko sahanini. Kiingereza kina neno moja kwa vyote vitatu. Sasa Mchina anayo matatu: "dao" shambani, "mi" dukani, "fan" mezani. Mjapani vilevile anayo: "ine", "kome", "gohan". Yaani lugha hizi tatu zinaweza kupeana mikono moja kwa moja, neno kwa neno, bila kumwaga hata punje. Badala yake tunampitisha "fan" kwenye Kiingereza, anavuliwa nguo, kisha anamfikia Mkenya akiwa hajulikani ni mchele au ni wali. Nimesoma menyu moja ya mkahawa uliojaribu angalau kuandika Kiswahili kwenye bango lake la nje, ikasema "mchele wa kukaanga". Nani amewahi kula mchele?

Ukoko nao una kisa chake. Ile tabaka ngumu inayoganda chini ya sufuria, ambayo watoto hupigania na watu wa pwani wengine huiita matandu, Wachina huiita "guoba", na kuna chakula mashuhuri kinachotengenezwa nayo: ukoko mkavu unamwagiwa mchuzi wa moto mbele yako, unalia tsss. Wajapani nao wanao, wanauita "okoge". Kiingereza cha menyu kilihangaika na maelezo marefu ya wali mkavu wenye kuvunjikavunjika. Wateja wa meza ya jirani walikitazama wakakiruka. Ningeweka dau kwamba kama pangeandikwa "ukoko kwa mchuzi wa kamba", wangeagiza sahani mbili.

Lakini lililonishangaza zaidi ni "mboga". Mwenzangu mmoja anayefundisha Kichina alinieleza kwamba mlo wa Kichina, kimsingi, ni ndoa ya "fan" na "cai". "Fan" ni wali au nafaka nyingine inayoshibisha. "Cai" ni kila kinacholiwa pamoja nayo. Nikamwuliza, hilo "cai" asili yake ni nini? Akasema ni mboga ya majani, ila siku hizi hata nyama na samaki wakiandaliwa mezani huitwa "cai". Nilicheka hadi akakasirika kidogo. Katika nyumba nyingi za Kenya mtu akiuliza, "Leo mboga ni nini?" jibu laweza kuwa sukumawiki, omena au nyama ya ng'ombe. Walimu tumewachapa watoto kwa matumizi hayo, tukiwaambia waandike "kitoweo". Kumbe akili ya mlaji wa Kakamega na ya mlaji wa Chengdu zimefuata njia moja: cha kushibisha huku, cha kukishushia kule. Wajapani wanayo dhana hiyohiyo, "okazu". Kiingereza hakina neno la kawaida la kitoweo, na ndiyo sababu menyu zinapanga kila kitu upya kwa utaratibu wa Kizungu: cha kuanzia, chakula kikuu, kitamutamu cha mwisho.

Utaratibu huo si mapambo tu. Unabadilisha namna ya kula. Mkenya anafunguliwa ukurasa wa "chakula kikuu", anachagua kuku wake mmoja, analetewa bakuli kubwa la kuwatosha watu watatu, anapambana nalo peke yake huku mwenzake akipambana na lake. Wachina kwenye meza ya pembeni wameketi duara, vitoweo vitano katikati, kila mmoja ana kibakuli chake cha wali. Mtu yeyote aliyekulia kando ya sinia, pwani au bara, angeielewa meza ile kwa kuitazama mara moja. Tafsiri ndiyo iliyomzuia.

Waswahili na vyombo vya Wachina hawakujuana jana. Sahani za kauri kutoka China zilipachikwa kwenye makaburi ya nguzo, likiwamo lile la Mambrui, karne nyingi kabla ya mkahawa wa kwanza wa Kichina kufunguliwa Nairobi. Neno "sini" lenyewe, kwa maana ya kauri, ni jina la nchi yao lililotufikia kwa Kiarabu. Na chai tunayoinywa alfajiri ni "cha" yao, iliyopitia Uajemi ikaongezewa mkia. Mbona hatukuhitaji Kiingereza hapo?

Wapo wanaoogopa kwamba ninataka tuzue misamiati ya ajabu, tuiite sushi "kitonge cha samaki asiyepikwa". La hasha. Sushi ibaki sushi. Silabi za Kijapani, kama zetu, hupenda kuishia kwa irabu, ndiyo maana sushi, tempura, tofu na sashimi huingia Kiswahili bila hata kubisha hodi. Rameni na udoni zinahitaji irabu moja tu nyuma. Ngeli nazo zimejipanga zenyewe: nimesikia "sushi zako ziko tayari", na sijamsikia mtu akisitasita. Tatizo dogo ni wasabi, ile rojo ya kijani inayopanda puani. Kijana mmoja aliniuliza kwa utani kama "msabi" mmoja anatosha au niongezewe "wasabi". Tusicheke sana, Kiswahili ndivyo kilivyolifanyia neno la Kiarabu "kitab", kikapata vitabu. Hata jina Furusato, la mkahawa wa Kijapani wa Westlands, maana yake ni kule mtu alikotoka, na Mnairobi anayo tayari: ushago.

Tambi ni suala jingine. Hapo hatuna udhuru hata kidogo. Neno tunalo, tunazila Ramadhani na Idi, tambi za sukari na tambi za nazi. Lakini tukifika mkahawa wa Kichina ghafla tambi zinapotea, kila mtu anataja jina la Kiingereza au jina la kampuni inayouza zile za pakiti. Na vijiti vya kulia ni vijiti.

Pengine msomaji anasema, Profesa, haya ni ya watu walioshiba. Basi nikupeleke Mombasa. Nilikaa meza moja na rafiki yangu, maalimu wa dini, katika mkahawa unaouza vyakula vya Kijapani. Menyu haikuwa na nguruwe, naye akaagiza kuku wa teriaki kwa moyo mkunjufu. Mhudumu, kijana wa Likoni, akamwinamia. "Maalim, samahani. Hiyo sosi ina mirin. Ni mvinyo ya mchele." Maalimu akaiweka menyu chini, akamshukuru, akaagiza samaki wa chumvi. Mirin halisi ina kileo cha asilimia 14 hivi. Kwenye menyu neno hilo halikuwapo kabisa, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili. Aliyemwokoa ni kijana mwenye kujua lugha mbili na mwenye adabu, na zamu yake ingekuwa ya usiku, maalimu angekula. Mtu mwenye mzio wa njugu au wa kamba naye hana budi kuomba Mungu zamu iwe ya kijana huyo.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Ukiviweka vifungu hivyo viwili kwenye meza moja, sioni menyu ya lugha moja ya Kizungu inavyoweza kukaa katikati yake kwa starehe.

Machi 2015 mkahawa mmoja wa Kichina mtaani Kilimani ulifungwa baada ya gazeti kufichua kwamba haukuwa ukiwapokea Weusi kuanzia jioni. Tulipiga kelele, na tulistahili kupiga. Ila hili la lugha siwezi kuwabebesha Wachina peke yao. Walipofika walikuta menyu za mikahawa ya Wakenya wenyewe, za kuuza matoke na mbuzi, zimeandikwa Kiingereza kitupu. Wakaiga. Mgeni hufuata alilolikuta.

Wala hawaidharau lugha yetu. Redio ya China imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1961. Kiswahili kinasomeshwa Beijing, kinasomeshwa Chuo Kikuu cha Osaka. Kwetu, Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, ya kwanza barani Afrika, na vijana wetu wanatoka huko wakizungumza Kichina kinachotiririka. Walimu, wanafunzi na kamusi vyote vipo. Na Wachina wanajua uzito wa menyu: kabla ya Michezo ya Olimpiki ya 2008, serikali ya jiji la Beijing iliwaita wataalamu wakasanifu tafsiri za Kiingereza za vyakula zaidi ya 2,000, kwa sababu wageni walikuwa wakicheka na wengine wakiogopa kula. Serikali ya jiji ilikaa kitako kutafsiri tofu! Chakula kama "mapo doufu", kinachosimuliwa kuwa kilibuniwa na bibi mmoja wa Chengdu mwenye makovu ya ndui usoni, kilikuwa kikitafsiriwa kana kwamba makovu yamo kwenye bakuli.

Muhula huu nimewapa wanafunzi wangu wa tafsiri zoezi badala ya insha. Kila kundi litakwenda mkahawa mmoja, likae na wahudumu, lirekodi wanavyowaeleza wateja, kisha liandike menyu kwa Kiswahili: viambato vyote vitajwe, nguruwe na kileo vikiwa juu kabisa. Kundi la kwanza limenirudishia ukurasa. Wameandika "tofu ya Bibi Makovu, ya kutia ganzi, ina nyama ya nguruwe". Wamebishana siku mbili kuhusu dim sum, ambayo kwa Kichina ni kitu cha kuugusa moyo. Mmoja alitaka "vitafunio", mwingine "viburudisho", wa tatu, msichana wa Kwale, akasema kwao vitu vidogo vya kulia chai ni "vitafuno" na haoni shida iko wapi. Nimewaambia wamwulize mhudumu.